Na Wewe, Ulilala?

Kwa mlioko stendi ya Runzewe mkingoja abiria wa mwisho, kwa madereva wa malori mliosimama kunyoosha miguu kabla ya kuitafuta Rusumo, na kwa wewe mama uliyeinama jikoni huku redio iko juu ya debe la unga: karibuni tukae pamoja.

Leo sikuja na bei ya mpunga wala bei ya dhahabu. Nimekuja na swali. Swali lenyewe lina maneno matatu tu, na nitalirudia mpaka mnichoke. Na wewe, ulilala?

Niwaambie nililikuta wapi.

Siku chache zilizopita nilikwenda kumjulia hali mama mmoja mzee hapa hapa Runzewe, nyuma ya soko. Kiharusi kilimwangusha. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havimtii tena, na maneno yanamtoka nusunusu. Nilibeba sukari kilo mbili na mche wa sabuni, kama ilivyo ada yetu. Nikakuta wageni wengine watatu wamenitangulia. Mke wa mwanawe wa tatu akatutolea viti, akaleta maji ya kunawa, kisha akarudi na sinia ya michembe iliyopikwa kwa karanga. Tukala. Halafu mmoja mmoja tukainama kitandani: “Mama, unaendeleaje? Pole, mama.”

Tulipomaliza kwa mgonjwa tukamgeukia yule mkwe. Anakula? Analala? Dawa anameza? Akatujibu yote, bila kutazama karatasi. Mama alikunywa uji saa moja, akaacha robo ya kikombe. Usiku aligeuzwa saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi. Leo ameweza kushika kijiko.

Sasa alikuwepo mzee mmoja, fundi baiskeli. Wala si ndugu yao. Alikuwa ameshasimama anavaa kofia aondoke. Akamtazama yule mkwe, akamwuliza, “Na wewe, mayu, ulilala?”

Yule mkwe alibaki amesimama na sinia mkononi. Hakujibu. Akaiweka sinia chini, akatoka, akaenda nyuma ya nyumba penye mwembe. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, anacheka, anasema ni moshi wa jikoni. Wasikilizaji, moshi haukuwepo. Jiko lilikuwa limezimwa zamani.

Baadaye, akinisindikiza mpaka barabarani, aliniambia hivi: “Miezi kumi na minne namuuguza mama. Yule mzee ndiye mtu wa kwanza kuniuliza mimi.”

Miezi kumi na minne! Hebu jiulize ni kilo ngapi za sukari zimeingia katika nyumba ile kwa muda huo. Mimi mwenyewe nilishakwenda mara mbili kabla ya hapo, na sikuwahi kumwuliza.

Tukae hapo kidogo, maana nataka tuiangalie lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina neno kuuguliwa. Mtu akipatwa na msiba tunasema amefiwa. Kifo ni cha marehemu, lakini lugha inatuambia kwamba jambo limempata na huyu aliyebaki. Vivyo hivyo, mama akiugua, binti ameuguliwa. Ugonjwa uko mwilini mwa mama, lakini binti naye umempata. Waliotuachia lugha hii waliliona hilo. Ila angalieni tulivyoyatumia maneno haya mawili. Aliyefiwa tunamkimbilia: rambirambi, turubai, masufuria, watu wa kulala naye matanga. Aliyeuguliwa tunampita mlangoni tukielekea kitandani.

Na neno muuguzi? Zamani alikuwa yeyote anayemuuguza mgonjwa. Siku hizi muuguzi ni mtu wa hospitali, amesomea, ana sare na cheti. Ni haki yake, sina ugomvi naye. Lakini neno lilipohamia hospitali, huyu wa nyumbani amebaki bila jina. Ukiuliza, “Fulani siku hizi anafanya nini?” utajibiwa, “Aa, yupo tu nyumbani.”

Yupo tu. Hilo neno “tu” liangalieni vizuri. Mtu anaamka mara nne usiku kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya kulalia. Anafua mashuka kabla jua halijachomoza, kwa sababu hataki majirani wayaone. Anatoa godoro juani, analirudisha. Ananyanyua mwili wa mtu mzima kutoka kitandani hadi kwenye beseni, mgongo wake mwenyewe ukilia. Analisha kwa kijiko, anafuta kinywa, analisha tena. Akikaa chini dakika kumi, mgonjwa anaita. Halafu tunasema yupo tu.

Sasa ngoja niwapeleke machimboni, maana wengi wenu mnaonisikiliza mnakula huko. Pale duarani, kwenye shimo la dhahabu, kuna mgao. Mifuko ya mawe ikitoka, mwenye eneo ana fungu lake, mwenye duara ana lake, walioshuka chini wana lao. Na yule aliyekuwa juu anavuta kamba, je? Hakuligusa jiwe kwa nyundo, hakuliona giza la chini. Mtasema hastahili? Hakuna mchimbaji atakayesema hivyo, kwa sababu kila aliyeshuka anajua kamba ile ikiachiwa hakuna dhahabu, na yeye mwenyewe hatoki. Wachimbaji wanalijua hilo bila semina. Lakini rudi nyumbani kwa mchimbaji yuleyule. Baba yake yuko kitandani mwaka wa pili, na anayeishika kamba ni dada yake aliyeacha biashara ya samaki ili amuuguze mzee. Fungu lake liko wapi? Sisemi fedha peke yake. Nani amewahi kutamka mbele za watu kwamba wewe dada ndiye uliyeshika kamba?

Mtaniambia, “Mtangazaji, haya ni mambo ya hisia. Mtu mzima anauguza mzazi wake kwa sababu ni wajibu, hangoji kushukuriwa.” Nimeyasikia sana hayo. Ngoja basi niwape jambo ambalo si la hisia tu.

Mwaka 1980 huko Marekani, mtafiti anayeitwa Steven Zarit na wenzake waliwahoji watu 29 waliokuwa wakiwatunza wazee wao wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Walitaka kujua ni nini kinachomwelemea mtunzaji. Mimi na wewe tungebahatisha kwamba mgonjwa akiwa msumbufu zaidi, akipotea njia, akitukana, akikesha, basi mzigo ni mzito zaidi. Haikuwa hivyo. Uzito walioueleza wale watunzaji haukwenda sambamba na usumbufu wa mgonjwa. Ulikwenda na jambo jingine: ndugu wengine wanafika mara ngapi katika nyumba ile. Walikofika mara nyingi, mtunzaji alihisi ameelemewa kidogo. Walikoadimika, alielemewa sana.

Nirudie, maana hili ndilo ningependa mwondoke nalo hata mkisahau mengine yote. Kilichopunguza mzigo ni ndugu kufika.

Watu 29 ni wachache, nakubali. Lakini sisi tulilijua jambo hili kabla ya watafiti. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumeufanya msemo wa kuchekea kuku anayechinjwa mgeni akija. Hebu uusikilize tena ukiwa chumbani kwa mgonjwa. Anayepona pale ni mwenyeji.

Na kuelemewa huku si maneno ya mdomoni. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Schulz na Beach, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wazee kwa miaka minne, wengine wakiwa wanawauguza waume au wake zao. Walioeleza kwamba kazi ile inawaelemea walikuwa na hatari ya kufa kubwa zaidi, kwa asilimia 63, kuliko wazee wenzao wasiouguza mtu. Sitaki kuwachosha kwa takwimu, kwa hiyo hizo zinatosha. Ila sikilizeni upande wa pili wa matokeo yale. Waliouguza lakini hawakuhisi kuelemewa, hatari hiyo haikuonekana kwao. Mnaona? Kuuguza si sumu. Wako watu ambao kumuuguza mama yao ni jambo wanalojivunia kuliko yote waliyofanya duniani. Kinachoua ni kuelemewa. Na mtu huelemewa haraka akiwa peke yake, haonekani, hahesabiwi.

Hapa kwetu ukanda wa dhahabu jambo hili lina sura yake. Kuna wanaume wengi waliovuta vumbi la mawe miaka mingi, duarani na kwenye makarasha ya kusagia mawe, bila kinga. Vumbi lile likikaa kifuani linayaharibu mapafu, linakuwa ugonjwa wa silikosisi, na kifua kikuu kinapata mlango. Mtu wa miaka 40 anashindwa kutembea kutoka kitandani mpaka mlangoni. Nani anamweka sawa juu ya mito usiku ili apate pumzi? Mke. Wakati mwingine mama yake, bibi wa miaka 65 ambaye alitegemea kijana huyo ndiye angekuja kumuuguza yeye. Na wakati mwingine, nalisema hili kwa sababu halisemwi, ni mwanaume. Namfahamu kijana wa bodaboda ambaye kila asubuhi anamwogesha baba yake kabla ya kwenda kijiweni, na kijiweni hajamwambia mtu. Anaona aibu. Anaogopa wataona amefanywa mwanamke. Huyo naye nani atamwuliza kama alilala, ikiwa hata kwamba anauguza hatujui?

Sasa nataka kusema jambo zito kidogo. Wenye watoto wadogo karibu mnaweza kupunguza sauti.

Nilisema yule mkwe alirudi na macho mekundu. Macho mekundu yana historia kwetu. Wilaya yetu hii ya Bukombe iliingia Mkoa wa Geita mwaka 2012 tu. Kabla ya hapo tulikuwa Shinyanga, na wazee wengi bado wakiulizwa kwao husema Shinyanga. Anayeikumbuka Shinyanga ya miaka ya 1990 na 2000 anajua macho mekundu ya mwanamke mzee yalimaanisha nini. Yalimaanisha uchawi, na uchawi ulimaanisha panga. Yale macho yalikuwa mekundu kwa nini? Kwa sababu ya kupulizia moto wa mabua ya pamba na samadi ya ng'ombe, mahali ambapo kuni zimeadimika, miaka 50 mfululizo, akiwapikia watu. Uji wa mgonjwa, maji ya kuoga ya mgonjwa, chakula cha wajukuu walioachwa yatima. Halafu mgonjwa akifa, macho ya watu yalimwelekea nani? Yalimwelekea yule aliyekuwa karibu naye kila siku, aliyejua alikula nini na saa ngapi. Shukrani ya punda ni mateke, walisema wahenga, na sisi tulizidisha.

Silisemi hili kuwafufulia machungu. Nalisema kwa sababu bado kuna kivuli chake. Yule anayeuguza bado ndiye wa kwanza kuulizwa mambo yakiharibika. Kidonda kimetokea: ulikuwa wapi? Mgonjwa kakonda: humpi chakula? Fedha imeisha: umeipeleka wapi? Kaka yuko Mwanza au Dar es Salaam, anatuma shilingi 20,000 kwa simu, na kesho yake anapiga kutaka mahesabu mpaka ya kiberiti. Kaka mpendwa unayenisikia, mtu uliyemkabidhi mwili wa mama yako, unashindwaje kumwamini na 20,000?

Na kikao cha familia kikiitwa, kuamua mgonjwa apelekwe hospitali ya Bugando au abaki, shamba liuzwe au lisiuzwe, je, anayeuguza anakaa wapi? Wanaume wako chini ya mti. Yeye yuko jikoni anawapikia wanakikao. Mtu pekee anayejua kwamba mama akipanda gari hutapika, na kwamba usiku hulitaja jina la mtoto wake aliyekufa, hayumo kikaoni.

Hospitalini nako ni vivyo hivyo. Nilimuuguza baba yangu katika hospitali moja, sitaitaja. Usiku nilikuwa nalala chini kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Asubuhi madaktari wanapita, tunaambiwa ndugu wa wagonjwa tokeni nje. Tunatoka. Siku ya nne daktari mmoja kijana akanifuata kibarazani, akaniuliza, “Wewe ndiye unayekaa naye? Usiku anapumuaje?” Nikamweleza: anaanza vizuri, ikifika saa tisa anakoroma kama mtu anayezama. Akaandika. Wasikilizaji, sikumbuki jina la dawa hata moja aliyopewa baba. Lakini namkumbuka yule daktari akiandika nilichosema. Nilikuwa sijaoga siku mbili, na nilijiona mtu.

Kwa hiyo ninaposema kumthamini anayeuguza, msifikirie nasema kumsifu. Hapo kuna mtego, na naomba tuutazame.

Sifa tunazo nyingi. “Una moyo, wewe.” “Sisi tusingeweza.” “Mungu atakulipa.” Umeshayasikia? Umeshayasema? Mimi nimeyasema. Lakini tazama kinachofuata baada ya maneno hayo. Tunaondoka! Tukishamwambia mtu kwamba ana moyo, tumemaliza. Mwenye moyo ndiye abebe, sisi wasio na moyo twende zetu. Na kwa “Mungu atakulipa” tumemwachia Mungu deni letu sisi. Siyo kwamba Mungu halipi. Lakini Mungu huyo ametupa mikono, na wengine ametupa pikipiki, na wengine ametupa likizo ya siku 28.

Nilimwuliza yule mkwe, wakati ananisindikiza, ni kitu gani kingemsaidia. Nilitegemea ataniambia fedha. Akafikiri, akasema, “Jumamosi moja niende mnadani, nisiwe na haraka.” Hilo tu. Aende aguse vitenge asivyonunua, anywe soda, azungumze habari ambayo haina mgonjwa ndani yake. Mtu aje akae na mama kuanzia asubuhi hadi jioni, na, alisisitiza hili, huyo mtu awe amefundishwa kumgeuza, ili yeye akiwa mnadani roho isimdunde.

Kuna pia upande wake yeye anayeuguza. Wako wanaokataa msaada. Wifi anakuja kushika zamu, anaambiwa, “Acha, hujui, utamwumiza.” Miezi ikienda, mtu anaamini hakuna awezaye ila yeye. Na ndugu, kwa unafuu mkubwa, wanakubaliana naye. Dada yangu, mwache wifi amwage uji. Atajifunza.

Turudi kwenye thamani, na sasa niseme habari ya sheria kidogo, halafu fedha, halafu nimalize.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikata kesi ya Bi Hawa Mohamed na aliyekuwa mume wake, Ally Sefu. Swali lilikuwa hili: mwanamke aliyekaa nyumbani akipika, akifua, akilea, hakuleta mshahara, je, amechangia kitu katika mali ya ndoa? Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walisema ndiyo. Kazi za nyumbani ni mchango, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 isomwe hivyo. Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufaa ile, kwa sababu nyingine, lakini kanuni ilibaki na wanawake wengi wamesimama juu yake tangu hapo. Sasa mimi si mwanasheria. Ila najiuliza, ikiwa mahakama ya juu kabisa nchini iliona miaka zaidi ya 40 iliyopita kwamba kazi ya nyumbani ina uzito kwenye mizani, sisi katika koo zetu tunangoja nini? Mzee akifariki, shamba linagawanywa kwa watoto waliokuwa mbali, na mkwe aliyemsafisha miaka mitatu anaambiwa yeye si wa ukoo.

Fedha. Jirani zetu wa Muleba, mkoani Kagera, wana shirika linaloitwa Kwa Wazee, lililoanza mwaka 2003. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na mabibi wengi kule waliwazika watoto wao kisha wakabaki na wajukuu. Shirika lile likaanza kuwapa mabibi pensheni ndogo ya kila mwezi. Mwaka 2008 ilitoka ripoti juu ya pensheni hiyo, na jina lake linaanza na vitu vitatu: chumvi, sabuni, na viatu vya shule. Jina hilo linanipendeza kuliko ripoti nyingi nilizowahi kushika. Bibi aliyezika watoto wake hakutaka makubwa. Alitaka asiende tena kwa jirani kuomba chumvi. Zanzibar nao, tangu mwaka 2016, kila mzee wa miaka 70 na zaidi ana pensheni yake, mwenye kazi na asiyewahi kuajiriwa. Bara bado tunaingoja.

Tunao pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaongeza na kuwafundisha nchi nzima. Ni jambo jema sana. Ombi langu kwao, nanyi wahudumu mnaonisikia Bukombe na Mbogwe: mkiingia katika nyumba, mkishamaliza kupima presha ya mgonjwa, pimeni na ya yule aliyewafungulia mlango. Mkono uleule, mashine ileile.

Na sasa la mwisho, na hili si la serikali, ni letu wenyewe.

Hapa Runzewe karibu kila mtaa una kikundi cha kufa na kuzikana. Kuna daftari, kuna mweka hazina, kuna faini kwa asiyefika msibani. Eneo hili la Kahama ya zamani, Bukombe ikiwa bado ndani yake, ndiko sungusungu walikoanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya ng'ombe walioibwa. Zamu za usiku tulizipanga wenyewe, bila kungoja mtu. Kwa hiyo msiniambie hatuwezi kupanga zamu. Zamu ya ng'ombe tuliweza. Kwa nini lile lile daftari la kuzikana lisiwe na ukurasa mmoja umeandikwa “kuuguza”? Jumatatu fulani atamgeuza mgonjwa, Alhamisi fulani atachota maji, Jumamosi fulani atakaa kutwa. Mnasubiri mama afe ndipo mlete masufuria?

Maana nimehudhuria misiba mingi. Mnaijua ile sehemu ya wasifu wa marehemu. Alizaliwa mwaka fulani, alisoma shule fulani, ameacha watoto sita na wajukuu 19. Kisha msemaji wa familia anashika kipaza sauti: tunawashukuru madaktari, tunamshukuru mheshimiwa diwani, tunawashukuru wafanyakazi wenzake na mtoto wetu wa Dar es Salaam kwa kutoa gari. Na yule aliyeamka mara nne kila usiku? Yuko nyuma ya nyumba, anakoroga ugali wa waombolezaji.

Familia mtakaoandika wasifu wiki hii, maana kila wiki tunazika, liandikeni jina lake. Sentensi moja inatosha: aliuguzwa na fulani, tangu mwezi fulani hadi dakika ya mwisho. Lisomwe kwa sauti, watu wamsikie.

Na nyinyi ambao mgonjwa wenu bado yupo, bado mnayo nafasi ya kusema kabla ya turubai kusimama. Kipindi hiki kinakwisha saa mbili kasoro dakika tano. Kabla ya taarifa ya habari, chukua simu, piga nyumbani. Utaambiwa mgonjwa anaendelea vizuri. Usikate. Mwulize huyo aliyepokea simu: na wewe, ulilala? Halafu nyamaza, umsubiri ajibu.

Usiku mwema, Runzewe.